Kuosha Ukuta wa Bi Kuruthumu

Mtaani kwao Kasingirima, mjini Ujiji, hapakuwa na nyumba iliyosifiwa kwa weupe kama ya Bi Kuruthumu. Kwa ukubwa haikuwa kitu: vyumba vinne, ukumbi katikati, baraza mbele, na kuta za tofali mbichi alizozifyatua marehemu baba yake. Lakini kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, Kuruthumu alikoroga chokaa kwenye pipa, akatia chumvi ili ishike, akajifunga kanga kiunoni na kuipaka nyumba nje yote peke yake. Chokaa ya mwaka huu ilikaa juu ya chokaa ya mwaka jana, hata kuta zikavaa ganda nene linaloumiza macho saa sita mchana. Mgeni akiuliza njia aliambiwa, "Nenda tu mpaka uione nyumba nyeupe."

Usafi ndio uliokuwa riziki yake pia. Alipika sabuni kwa mise, yale mafuta ya kokwa za mchikichi, akaikata vipande na kuiuza barazani pake. Mumewe, Faridi, alikuwa mtu wa boti. Ziwa lilimchukua wangali vijana, na mtoto hawakujaliwa. Hakuolewa tena. Aliyebaki kuwa ndugu yake ni jirani yake Hadija, ambaye nyumba yake ilitenganishwa na ya Kuruthumu na kichochoro cha kupita mtu mmoja tu. Walisoma Kurani chuo kimoja, wakaolewa mwaka mmoja, na utu uzima wao ulipitia katika kichochoro kile: kuombana moto, kupelekeana bakuli la maharage, kuulizana kulikoni mtu akikohoa sana. Mume wa Hadija aliitwa Swaibu, fundi cherehani mwenye kibanda huko Mwanga, karibu na soko, mtu mpole wa maneno machache.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, mwezi wa tano, Warundi walianza tena kuikimbia nchi yao. Watu wa Ujiji hawakuwa wageni wa jambo hilo. Walikwishawaona Warundi wa zamani, wakawaona Wakongo, wakawaona wengine wakirudi kwao na kukimbia tena. Lakini safari hii watu walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ambako hakuna barabara ya gari. Maelfu walilala ufukweni, wakanywa maji yale yale waliyojisaidia kando yake. Meli ikawa inawabeba kidogo kidogo kuwaleta Kigoma mjini, na kabla hawajamalizika kubebwa, habari ikafika sokoni kwa sauti ya chini: kipindupindu.

Mjini hofu ilibadilisha watu. Wale waliokuwa wakiwapelekea wakimbizi ndizi na nguo kuukuu wakaacha. Mtu akisikika anaongea Kirundi dukani, wenzake walisogea pembeni. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Telesphory, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba asiyejulikana asipokelewe, maji yachemshwe, na uchafu wowote uondolewe siku hiyo hiyo.

Asubuhi moja, Kuruthumu alipofungua mlango baada ya sala ya alfajiri, alimkuta mwanamke amelala barazani. Alikuwa ameegemeza mgongo ukutani, na ukuta ule mweupe ulikuwa umechafuka kuanzia usawa wa mabega yake hadi chini. Sakafu yote ilikuwa imelowa maji yanayofanana na ya kuoshea mchele. Macho yalikuwa yamedidimia. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyefua kutwa.

"Amazi," mwanamke alisema. "Mama, amazi."

Mama yake Kuruthumu alikuwa Muha, na Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake, kwa hiyo hakuhitaji kutafsiriwa kwamba anaombwa maji. Lakini alisimama tu pale mlangoni. Baadaye alikumbuka vizuri kwamba alisimama, mkono ungali kwenye komeo, akajiuliza kama kuna aliyemwona, na kama angeweza kuufunga mlango taratibu.

Hakuufunga. Aliingia ndani, akakoroga sukari na chumvi kwenye maji yaliyochemshwa, akatoka na kikombe. Akakaa kwenye kile kilichomwagika, kwa kuwa hapakuwa na pakavu, akakiinua kichwa cha yule mwanamke na kumnywesha kijiko kwa kijiko. Alichokunywa kilirudi. Akamnywesha tena.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Rozalia."

"Watu wako wako wapi?"

Rozalia alisema jambo kuhusu meli, na kuhusu kaka. Maneno mengine hayakutoka. Hadija alikuja kupitia kichochoroni, akaona, akashika mdomo. Alirudi kwake, akatoka na kanga safi na ndoo ya maji, na wanawake wale wawili wakamfuta mgonjwa uso na miguu huku Swaibu akikimbilia zahanati kutafuta gari. Gari lilipofika jua lilikuwa limeshapanda. Rozalia alikuwa ameshakata roho, kichwa chake pajani kwa Kuruthumu.

Waliokuja kumchukua walikuwa wamevaa mabuti na glovu. Pamoja nao alikuwako bibi afya, Catherine, msichana mwembamba aliyeonekana hajalala siku nyingi. Alimnyunyizia dawa marehemu, akawanyunyizia Kuruthumu na Hadija mikono na miguu, kisha akautazama ukuta.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Asante."

"Hapa lazima pasafishwe, ila nisikilize vizuri. Dawa ninayo hii." Alichanganya klorini kwenye ndoo, harufu yake ikawakaba. "Chovya kitambaa, lowesha ukuta na sakafu taratibu kutoka juu kwenda chini. Uache ukae na dawa. Kisha ufute, na vitambaa uvichome. Usirushe maji, usipige brashi kwa nguvu, usimwage kwa ndoo. Uchafu huu ukiruka tone moja tu likaingia kwenye maji ya mtu, tumemuua. Kama huwezi, funga baraza kwa kamba, vijana wangu wa bomba la mgongoni watakuja kesho. Leo wote wako uwanjani, kule kwenye wakimbizi."

Kuruthumu aliitikia. Gari liliondoka na mwili.

Sasa mtaa mzima ulikuwa umesimama barabarani, kwa mbali. Hakuna aliyesema pole. Mzee mmoja alisema godoro na mikeka vichomwe, na baraza limwagiwe mafuta ya taa liwashwe moto. Mama mmoja alisema hapana, chokaa yote ibanduliwe kwa jembe mpaka udongo uonekane, halafu ipakwe mpya. Mwingine akapaza sauti, "Ipakwe juu yake tu, chokaa inaua!" Kuruthumu mwenyewe aliwaza sabuni yake na ufagio wa chelewa, jinsi alivyozoea. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na kila njia ilikuwa na wa kuipinga.

"Bibi afya ameniachia dawa," Kuruthumu alisema. "Nitafuta kwa kitambaa."

"Kwa kitambaa?" Mama wa upande wa pili wa barabara alicheka kwa hasira. "Ukuta wote huo kwa kitambaa? Utamaliza lini? Watoto wetu wanapita hapo!"

"Kesho watakuja na bomba."

"Kesho tutakuwa tumeshakufa!"

Mzee Telesphory aliinua mkono, watu wakanyamaza. "Bi Kuruthumu, mimi sikulaumu. Lakini ulimpokea mtu niliyekataza apokelewe. Leo hii uchafu uondoke, na watu waone kwamba umeondoka. La sivyo sitaweza kuwazuia." Hakusema kuwazuia wasifanye nini. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa ameshashika kibuyu cha mafuta ya taa.

Ndipo Swaibu, kwa nia njema kabisa, akataja mashine. Pale karibu na kibanda chake Mwanga kulikuwa na mahali pa kuoshea magari, na mwenye mahali pale, Elia, alikuwa na mashine ya presha inayong'oa hata matope yaliyokauka chini ya lori. Ingekuja kwa bajaji. Dakika chache tu, ukuta unang'aa.

Watu waliguna kwa kuridhika. Mashine lilikuwa jambo la kuonekana na kusikika.

Kuruthumu alimtazama Hadija. "Shoga, unasemaje? Yule binti kasema tusirushe maji."

Hadija alikuwa akitazama kibuyu cha mafuta ya taa. "Amesema. Lakini hawa hawatangoja kitambaa chako. Tia ile dawa ndani ya maji ya mashine, si itakuwa ni ile ile?"

Ilionekana ni busara. Ndoo ya klorini ikamiminwa kwenye pipa kubwa la maji ya Elia, ikapotea humo kama chumvi kwenye ziwa. Kuruthumu aliliona hilo. Aliona pia kwamba watu wanamtazama yeye, nyumba yake, mlango wake, na kwa mara ya kwanza maishani aliionea haya nyumba ile. Alitaka iwe nyeupe tena kabla ya jioni. Alitaka warudi majumbani mwao.

"Haya," alimwambia Elia. "Washa."

Mashine iliunguruma, maji yakatoka kama msumari. Uchafu uliondoka mara moja, kweli; watu walipiga makofi. Lakini maji yalipogonga ukuta yalirudi yakiwa ukungu, na upepo wa ziwani, ambao mchana huvuma kuja juu, uliushika ukungu ule na kuuingiza kichochoroni. Kuruthumu aliuona ukipita, ukiwa na rangi za upinde wa mvua juani. Kichochoroni, chini ya paa la Hadija, lilikuwako pipa la maji ya kutumia nyumbani, na mfuniko wake ulikuwa umeegemezwa pembeni tangu asubuhi, Hadija alipochota ile ndoo ya kumwoshea Rozalia. Kuruthumu alifikiri kidogo kuhusu pipa. Kisha akafikiri, ni maji tu, na yana dawa.

Ganda la chokaa halikustahimili. Kwanza kilibanduka kipande kama sahani, kisha kingine, kisha tofali mbichi zikaanza kuyeyuka na kutiririka uji mwekundu. Elia alizima mashine haraka. Chini ya dirisha palikuwa pameliwa shimo la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Samahani, mama. Sikujua ni udongo. Kwa nje unaonekana ukuta wa saruji."

"Si kosa lako," Kuruthumu alisema.

Watu waliondoka wameridhika. Hadija alimletea uji, wakakaa pamoja nyuma ya nyumba, wamechoka. Hadija alikuwa mwangalifu. Maji ya kunywa aliyachemsha tangu habari ya Kagunga ilipofika. Lakini ya kutawadha hakuna anayeyachemsha. Magharibi alichota kutoka kwenye pipa lake, akasukutua kinywa mara tatu kama alivyofanya maisha yake yote, akaenda kusali.

Siku iliyofuata vijana wa bomba walikuja, wakapulizia baraza na kuondoka. Siku iliyofuata hiyo, kabla ya adhuhuri, Swaibu aligonga mlango wa Kuruthumu kwa kiganja.

Kuruthumu alijua kabla hajafika kitandani. Alijua kwa harufu, na kwa ndoo. Walimbeba Hadija kwenye bajaji mpaka mahema ya kipindupindu, Kuruthumu akiwa amemkumbatia ili asianguke, na njiani Hadija alijaribu kutania kwamba hajawahi kupakatwa hivi tangu arusi yake. Hemani palikuwa na vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati, na wagonjwa wengi kuliko wauguzi: Warundi, wavuvi, mama mmoja muuza dagaa ambaye Kuruthumu alimfahamu. Walimtundikia Hadija maji, mshipa ukakataa, wakatafuta mwingine. Kuruthumu alimpangusa, akambadilisha, akamnywesha. Kila alichokunywa kilirudi.

"Kuruthumu," Hadija alisema alasiri, sauti yake imekauka kama karatasi. "Pipa nililifunika?"

Kuruthumu alimfuta midomo. Kisha akasema, "Ulilifunika, shoga."

"Basi ni nini?"

"Sijui."

Hadija alifumba macho. Alifariki jua likiwa linazama, kabla Swaibu hajarudi kutoka kutafuta chupa nyingine ya maji.

Mwili hawakupewa wauoshe nyumbani. Ulinyunyiziwa dawa, ukatiwa kwenye mfuko, na Swaibu pamoja na wanaume wachache waliokubali kuja wakausalia kwa umbali na kuuzika mahali palipotengwa. Wanawake hawakwenda. Matanga hayakuwekwa, kwa amri.

Catherine alikuja mtaani kuuliza. Alilitazama pipa, akautazama ukuta uliobanduka, akamwuliza Kuruthumu ulioshwa kwa kitu gani. Kuruthumu alimweleza yote, bila kumtaja Swaibu wala Telesphory. Alisema, "Nilimwambia awashe mashine." Msichana yule akaketi barazani, mahali pale pale alipofia Rozalia.

"Siwezi kukwambia ni pipa, mama. Hadija naye alimshika yule mgonjwa, akashika na nguo zake. Tena mji mzima sasa una ugonjwa. Huenda ni samaki, huenda ni mikono. Siwezi kukwambia."

"Unaweza kuniambia si pipa?"

Catherine aligeuzia macho barabarani. "Hapana," alisema.

Nyumba ya Swaibu nayo ikawa imechafuka. Hadija alikuwa ametoka nje mara nyingi usiku wa kuamkia siku aliyokufa, akishika ukuta asidondoke, na alama zake zilikuwa kuanzia mlango wa uani mpaka chooni. Hakuna aliyependekeza mashine. Hakuna aliyependekeza kitu chochote. Mtaa ulipita mbali. Kuruthumu aliomba klorini kwa Catherine, akavaa glovu, akapiga magoti. Alilowesha kipande kidogo cha ukuta kuanzia juu, akangoja, akafuta kwenda chini, akakitupa kitambaa kwenye debe la kuchomea, akachukua kingine. Mahali pengine alama ilikuwa ya kiganja kizima, vidole vitano. Pale alingoja muda mrefu zaidi kuliko dawa ilivyohitaji.

Kazi ilimchukua mchana wote. Swaibu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akimtazama. Hakumsaidia, hakumfukuza. Kuruthumu alipomaliza na kunyanyuka, magoti yakiwa yamechubuka, Swaibu akasema maneno yake ya kwanza tangu mazishi.

"Kumbe inawezekana."

"Nini, shemeji?"

"Kwa kitambaa. Kumbe inawezekana."

Aliingia ndani na kurudishia mlango. Kuruthumu alitaka kusema kwamba wazo la mashine halikuwa lake yeye, lilikuwa la Swaibu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Alilimeza, maana alijua kwamba Swaibu analijua kumzidi yeye, na kwamba ndilo linalomlaza macho.

Tangu hapo hawakusemezana. Ramadhani iliingia, na chokaa haikukorogwa. Kuruthumu aliziba shimo kwa matope, lakini ukuta ulikuwa umeshapoteza ngozi. Mvua za vuli zilipoanza ulivimba, na alfajiri moja nusu yote ya mbele ilijilaza barabarani, baraza likafunikwa. Alihamia vyumba vya nyuma. Watu walimwonea huruma sasa, walileta mabati na maboriti, hata Elia alileta tofali za kuchoma na kuzipanga. Alishukuru. Sabuni aliendelea kupika, kwa sababu ilibidi ale, ila aliipeleka Mwanga sokoni, kwa wasiomjua.

Mwanzoni mwa mwaka mpya mwanamume mmoja alisimama mbele ya kifusi, kofia mkononi. Alikuwa mrefu, viatu vyake vimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Alisema kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba anaitwa Leonardi, ametoka kambini Nyarugusu kwa ruhusa, na ameuliza sana mpaka akaelekezwa hapa. Alikuwa anamtafuta dada yake. Walipotezana wakati wa kushuka melini.

Kuruthumu alimpa kigoda. Alimweleza kwa Kiha, polepole, na mwanamume alisikiliza akiwa ameinamisha uso.

"Alikuwa peke yake?" aliuliza mwishoni.

"Hapana. Kichwa chake kilikuwa hapa." Kuruthumu aligusa paja lake.

Leonardi alishuka kwenye kigoda, akapiga goti kwenye vumbi, akaishika mikono yote miwili ya Kuruthumu na kuiweka kwenye paji la uso wake. "Urakoze," alisema. "Urakoze cane, mama." Akashukuru hivyo tena na tena, na Kuruthumu, ambaye tangu kifo cha Hadija hakuwa amelia mbele ya mtu, alijikuta analia kwa sauti, hana jinsi ya kumweleza mgeni yule kilichofuata.

"Naomba unionyeshe alipozikwa," Leonardi alisema.

Kuruthumu hakupajua. Jirani aliyepajua ni Swaibu, aliyemzika Hadija mahali pale palipotengwa. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaingia kichochoroni, ambamo hakuwa amekanyaga kwa miezi, akagonga.

Swaibu alifungua. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeingia mvi. Kuruthumu hakutafuta maneno mazuri. "Kaka yake yule Mrundi amekuja. Anataka kaburi. Mimi sipajui."

Swaibu alimtazama mgeni juu ya bega la Kuruthumu, kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa.

"Wako mstari mmoja," alisema. "Yeye na Hadija. Katikati kuna mtoto wa mtu." Akageuka kutafuta viatu vyake chini ya cherehani. Alipotoka alifunga mlango, akasimama, akangoja, na Kuruthumu alielewa kwamba anangojwa yeye. Alivaa kandambili zake. Wakatoka watatu, Swaibu mbele, Leonardi nyuma yake, na Kuruthumu mwisho, wakapandisha njia ya makaburini.